Hatua nne za Peyton: mwanafunzi anapomwamuru mwalimu

Mwombe mama wa Kimombasa akufunze mahamri. "Tia maji kiasi," atakwambia, mkono tayari umo ungani. Kiasi gani? Hata yeye hawezi kusema. Mkono ndio unaojua. Muuguzi aliyetia kanula, kijimrija kinachoingizwa mshipani kwa sindano, miaka kumi na tano hupatwa na yayo hayo akiletewa wanafunzi wodini: kazi imeshashuka mikononi, maneno yamepotea.

Hatua nne za Peyton ni njia ya kuyarudisha maneno hayo. Alizieleza Rodney Peyton, daktari mpasuaji wa Ireland ya Kaskazini, mwaka 1998. Kwanza mwalimu hufanya kazi yote kimya, kwa kasi yake ya kawaida. Kisha huirudia polepole, akieleza kila kitendo na sababu yake. Mara ya tatu mikono ni ya mwalimu lakini maneno ni ya mwanafunzi. Mwisho mwanafunzi hufanya mwenyewe, huku akitaja kila anachokifanya.

Uhondo uko kwenye ile ya tatu, na ndiyo niionayo ikirukwa. Labda ni kuona haya: kijana wa mwaka wa pili amwamuru mtu wa rika la mamake? Wengi huanza kwa kunong'ona. "Sista, tafadhali funga mpira." Ni mpira wa kubana mkono ili mishipa ijae. Mkono wa plastiki uko mezani, mishipa imejaa maji mekundu. "Pangusa kwa spiriti. Ngoja ikauke. Ingiza sindano, tundu lielekee juu." Wekundu unachomoza nyuma ya sindano. "Sukuma kanula. Sasa toa sindano." Sista hatoi. Mkono wake umesimama pale pale, naye hasemi kitu. Kijana anatazama sindano, anatazama kanula, macho yanapanda juu ya kiwiko. "Aa! Mpira! Fungua mpira kwanza." Angemtii, maji mekundu yangemwagika meza nzima.

Wanafunzi kumi na wawili wakizunguka meza moja, anayeamuru ni mmoja na waliobaki ni watazamaji, kwa hivyo afadhali kuwagawa. Kupima joto hakuhitaji shughuli yote hii. Tena njia yenyewe hufunza namna ya kutia kanula. Kama mgonjwa fulani alihitaji kanula ama vidonge vingemtosha, hilo ni somo jingine.