Waandishi na wachoraji, tuwaulize pia walichotia saini

Kila tunapoandaa mazungumzo na waandishi na wachoraji, maswali ya hadhira huwa yaleyale. Wazo ulilipata wapi? Unaandika usiku au alfajiri? Mhusika huyu si wewe mwenyewe? Ni maswali mazuri, na wageni wetu huyajibu kwa furaha. Lakini katika kazi hii ya kuelimisha umma kuhusu hakimiliki, ni nadra sana kumwona mtu akinyoosha mkono na kuuliza: ulipopeleka kazi yako kwa mchapishaji, ulimpa haki zipi, kwa muda gani na kwa malipo gani? Natamani swali hilo liulizwe mbele za watu, vijana wenye mswada wa kwanza wakiwa wameketi pale wanasikiliza, maana wengi hulifikiria wakati saini imeshakauka.

Wasiwasi tunaoletewa zaidi ni mwingine kabisa: "Nikimpa mhariri mswada wangu, hataniibia?" Hakimiliki huzaliwa siku ile kazi inapoandikwa au kuchorwa. Mkataba wa kimataifa wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo unafuatwa na karibu nchi zote duniani, hauruhusu nchi mwanachama kuwadai usajili waandishi wa nchi nyingine wanachama kabla ya kuwalinda, na nchi nyingi zimewapa raia wao unafuu huohuo. Panapokuwa na ofisi ya usajili, jiandikishe. Cheti ni ushahidi mzuri. Hifadhi pia rasimu zako zikiwa na tarehe. Kisicholindwa ni wazo tupu. Ukimsimulia mtu kwa mdomo kwamba unafikiria hadithi ya mapacha waliopotezana, naye akaandika ya kwake kwa maneno yake, sheria haitakusaidia. Kwa hiyo andika kwanza, simulia baadaye. Kwa uzoefu wangu, wizi wa mswada ni jambo la nadra. Hasara kubwa huingia kwa mlango wa mbele, kwa ridhaa ya mwandishi mwenyewe.

Tazama kifungu kama hiki, ambacho ni cha kawaida katika mikataba: "Mwandishi anamhamishia Mchapishaji haki zote za Kazi, katika lugha zote na miundo yote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki." Ni sentensi moja tu, na ni rahisi kuipita mbio kwenda kutafuta asilimia. Isome polepole. "Lugha zote" maana yake tafsiri zote zijazo ni za mchapishaji, hata kama hana mpango wa kutafsiri. "Miundo yote" ni kitabu cha kusikiliza, filamu, tamthilia ya redio, na vingine ambavyo bado havijabuniwa. Kisha kuna "muda wote wa hakimiliki". Kiwango cha chini cha Berne kwa maandishi ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Umoja wa Ulaya na Marekani wamefikisha 70. Mwandishi wa miaka 30 akitia saini leo na akajaliwa kufika 80, amefunga kazi yake kwa miaka 100. Wajukuu zake watazeeka haki hizo zikiwa bado mikononi mwa kampuni ambayo pengine itakuwa imeshauzwa mara kadhaa.

Kuuza haki zote moja kwa moja hakukuanza jana. Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliuza hakimiliki ya riwaya yake iliyotoka mwaka 1813 kwa pauni 110, ingawa alitaka 150. Riwaya ikapendwa, ikarudiwa kuchapwa, na yeye hakupata hata senti ya ziada. Riwaya yake iliyotangulia, ya mwaka 1811, aliitoa kwa utaratibu mwingine: gharama za uchapaji zilikuwa juu yake, na kama isingeuzwa hasara ingekuwa yake. Toleo la kwanza likaisha, akabaki na pauni 140 pamoja na hakimiliki yake. Sisemi kila mwandishi ajichapishie mwenyewe, kwa sababu mchapishaji hubeba uhariri, usanifu, uchapaji, ghala na nakala zisizouzwa, na anastahili kupata chake. Ninachosema ni kwamba anayebeba hatari kwa toleo moja hahitaji kupewa kila kitu milele. Mpe haki ya kuchapa kwa lugha moja, kwa miaka inayotajwa kwa tarakimu, na mkataba uandike wazi kwamba haki zote zisizotajwa zinabaki kwako.

Kwenye mrabaha, yaani sehemu unayolipwa kwa kila nakala inayouzwa, uliza ni asilimia ya nini. Chukua kitabu chenye bei ya jalada ya 1,000, kwa fedha yoyote ile. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 100. Lakini kama mkataba unasema asilimia 10 ya mapato halisi, na duka la vitabu limepewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji amepokea 600 na wewe unapata 60. Zote ni asilimia 10, na zote ni halali. Ulizia pia taarifa ya mauzo italetwa lini, na kama una haki ya kumtuma mhasibu akague hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wachoraji huumia zaidi, na inanisikitisha kuona wanavyoachwa pembeni hata katika mazungumzo yenyewe. Mtu akinunua mchoro wako amenunua ile turubai au karatasi. Kwa nchi nyingi hajapata haki ya kuuchapa kwenye fulana au kalenda mpaka mkubaliane kwa maandishi. Mchoraji wa vitabu vya watoto naye mara nyingi hulipwa mkupuo mmoja huku mwandishi akipokea mrabaha, wakati kwa msomaji wa miaka minne ni picha zinazobeba hadithi. Mrabaha unaweza kugawanywa kati yao. Huombwa kabla ya kazi kuanza. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi mwaka 1920, ikampa msanii sehemu ya bei kila mchoro wake unapouzwa tena, na nchi nyingine nyingi zimefuata.

Mbali na fedha, kuna haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yako kupotoshwa kwa namna inayochafua heshima yako. Berne inaitambua tangu marekebisho ya mwaka 1928, nayo hubaki kwako hata baada ya kuuza nyingine zote. Baadhi ya mikataba hukutaka uiache. Uliza sababu, na jibu likikosekana, kifute kifungu hicho.

Mwisho kabisa wa mkataba tafuta kifungu cha kurudishiwa haki. Zamani kilisema kitabu kikiadimika sokoni, haki zinarudi kwa mwandishi. Leo nakala moja ya kielektroniki ikikaa mtandaoni, kitabu hakiadimiki kamwe, hata kama mwaka mzima hakijanunuliwa. Kwa hiyo omba kipimo cha mauzo: nakala zikiwa chini ya idadi fulani ndani ya miezi 12, unaandika barua na haki zinarudi baada ya muda mliokubaliana. Ila zikirudi, ni za maandishi yako tu. Jalada ni kazi ya mchoraji, na ukitaka kutoa toleo jipya kwa jalada lilelile, itabidi ukae naye mkubaliane upya.