Macho na Masikio Hukutana Wapi Ubongoni? Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kila mlango wa fahamu hufanya kazi peke yake, na taarifa huja kuunganishwa mwishoni kabisa, tunapofikiri.

Ukweli: Muungano huanza mapema mno. Katika miaka ya 1980, wanasayansi wa ubongo Barry Stein na Alex Meredith wa Marekani walipima seli mojamoja za kolikulasi ya juu, sehemu ndogo ya ubongo wa kati inayomfanya paka ageuze macho na kichwa kuelekea kitu kilichomshtua. Sisi pia tunayo. Walikuta seli moja ileile ikiitikia mwanga na sauti.

Dhana: Ubongo hujumlisha tu, moja na moja zikawa mbili.

Ukweli: Mwanga na sauti vikitokea mahali pamoja na kwa wakati mmoja, seli hizo zinaweza kuitikia kwa nguvu inayopita jumla ya viwili hivyo. Vikitengana, nyongeza hutoweka, na pengine mwitikio hupungua kabisa. Linalonivutia zaidi ni hili: kadiri ishara zinavyokuwa hafifu, ndivyo faida ya kuziunganisha inavyokua. Ndiyo maana kwenye kelele za stendi unamtazama mwenzako mdomoni ili umsikie.

Dhana: Jicho hushinda daima.

Ukweli: Hushinda mara nyingi. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliwaonyesha watu midomo inayotamka “ga” huku sauti ikisema “ba”. Watu wazima wengi walisikia “da”, yaani midomo iliwabadilishia sauti waliyoisikia. Lakini mwaka 2004 David Alais na David Burr walipoififisha sana picha, sikio ndilo lililoamua kitu kiko upande gani. Ubongo humwamini zaidi mwenye ushahidi ulio wazi.

Dhana: Tunazaliwa na uwezo huu.

Ukweli: Paka wachanga hawana. Mark Wallace na Stein walionyesha kwamba paka waliolelewa gizani walikuwa na seli zinazoitikia mwanga na sauti, ila hazikuweza kuviunganisha. Wengine walilelewa mahali ambapo mwanga ulitokea upande huu na sauti upande ule, na seli zao zikazoea kuunganisha vilivyotengana! Ubongo hujifunza kutokana na dunia unayokutana nayo, na wala hauchelewi kabisa: baadhi ya paka waliokulia gizani walipata uwezo huo ukubwani, baada ya kupewa mwanga na sauti kwa pamoja mara nyingi.

Kwangu hapa ndipo utafiti huu unapogusa maisha ya watu. Kiharusi kinaweza kumwondolea mtu nusu nzima ya eneo analoliona, ingawa macho yenyewe ni mazima. Mwaka 2005 watafiti wa Italia waliwazoeza wagonjwa wa aina hiyo kwa mwanga unaoambatana na sauti, nao wakaanza kugundua vitu vingi zaidi katika upande waliokuwa wameupoteza.