Je, wajua kwa nini tunda lililochorwa kwa brashi ya hewa huonekana la kweli?

Chukua tufaha jekundu, liweke karibu na dirisha, kisha tafuta mahali wekundu unapoanzia. Hutapaona. Kuna upande wa njano, kuna upande mwekundu, na katikati hakuna mpaka. Rangi moja imeyeyukia ndani ya nyingine. Hapo ndipo brashi ya nywele inapompa mchoraji kazi ngumu. Kila inapogusa karatasi inaacha alama ya kwamba imepita, na ganda la tunda halina alama za namna hiyo.

Brashi ya hewa, inayopuliza rangi kama ukungu, haigusi. Hilo ndilo jibu fupi. Lakini halimsaidii sana mtu aliyekwisha kununua kifaa na kompresa yake, akapuliza duara jekundu, akatia nyeusi pembeni, akapata mpira wa plastiki. Nimeona michoro mingi ya aina hiyo, na karibu kila mara kosa halikuwa la mkono. Lilikuwa la mpangilio: rangi ziliwekwa kinyume cha jinsi tunda lenyewe linavyojipaka.

Tuanze na kifaa. Kina ukubwa wa kalamu nene. Hewa iliyobanwa na kompresa inapita kwa kasi kwenye ncha ya nozeli, ule mdomo mwembamba wa kifaa, na penye kasi hiyo mgandamizo unashuka, hivyo rangi iliyomo kikombeni inavutwa nje na kupasuliwa kuwa ukungu wa matone madogo mno. Ndani ya nozeli kuna sindano ndefu iliyochongoka. Katika aina inayopendwa na wachoraji wengi, kitufe kimoja kinafanya kazi mbili: ukikibonyeza chini hewa inatoka, ukikivuta nyuma sindano inarudi na kuachia rangi. Tundu la nozeli huwa la milimita 0.2 hadi 0.5 hivi, na presha ya hewa kwa kazi ya karatasi huwa kati ya psi 15 na 30 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Rangi inazimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa. Ikiwa nzito inaziba. Ikiwa majimaji mno na mkono uko karibu, inasambaa kwenye karatasi kama miguu ya buibui.

Ukiweka nozeli sentimita moja kutoka kwenye karatasi unapata mstari mwembamba. Ukirudi nyuma sentimita 10 au 15 unapata wingu, na wingu hilo ni mkusanyiko wa nukta tu. Palipokolea nukta zimesongamana, palipofifia zimetawanyika, na kwa kuwa ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha, jicho linaziunganisha lenyewe. Si ajabu kwamba kifaa hiki kilikulia mikononi mwa watu wa picha. Abner Peeler wa jimbo la Iowa, Marekani, alitengeneza chake mwaka 1879, na katika miaka ya 1890 Charles Burdick akaleta muundo ulio karibu zaidi na wa leo. Kazi kubwa ya miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa kurekebisha na kupaka rangi picha za kamera, ambazo vivuli vyake havina alama ya brashi hata moja.

Sasa turudi kwenye tufaha letu. Likiwa changa ni la kijani kwa sababu ya klorofili, rangi ya kijani ya mimea. Linapoiva, klorofili inavunjika, na njano ya karotenoidi iliyokuwa imefunikwa inajitokeza. Wekundu ni jambo jingine kabisa. Huo ni anthosianini, rangi nyingine ya mimea, inayotengenezwa kwenye seli za ganda na zile zilizo chini yake kidogo, tena inahitaji mwanga. Jani likilala juu ya tufaha muda mrefu, mahali pake panabaki baka lililopauka. Maana yake ni kwamba wekundu wa tufaha ni pazia jembamba lililotandazwa juu ya njano, hasa upande ulioelekea jua.

Mchoraji afuate utaratibu huohuo. Kwanza njano hafifu, karibu tunda zima, huku akiacha karatasi nyeupe mahali mng'ao utakapokaa. Kisha kijani kidogo kuzunguka shimo la kikonyo, ambako mara nyingi jua halikufika vizuri. Halafu ndipo nyekundu, na iwe rangi angavu, ile inayopitisha mwanga kama kioo cha rangi. Mwanga unapenya nyekundu, unapenya njano, unagonga weupe wa karatasi na kurudi ukiwa umebeba rangi zote mbili. Wekundu unaozaliwa hivyo una joto ambalo hakuna chupa ya rangi inayokupa. Ukiichanganya nyekundu na nyeupe ili kuipunguza makali, mwanga unaishia juujuu na tunda linapata sura ya chaki.

Wekundu huo usiupulize kama wingu moja. Matufaha mengi yana michirizi inayoteremka kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni, ikifuata mviringo wa tunda. Mimi huipiga michirizi hiyo nikiwa karibu na karatasi, kwa mkono mwepesi, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, kila moja likiachwa likauke. Kisha napuliza pazia jembamba la nyekundu juu yake ili iungane. Matabaka matano mepesi yanalishinda moja zito, kila mara. Baadaye vinakuja vidoadoa, vile vitobo ambavyo tunda linapumulia. Katikati ya tunda vinaonekana vya duara, lakini kadiri vinavyokaribia ukingo vinabanwa na kuwa na umbo la yai, kwa sababu ganda linageuka kutuondokea. Vidoa kumi vilivyochorwa hivyo hulifanya tufaha lionekane la mviringo kuliko kivuli chochote.

Kuhusu kivuli, hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika, na mharibifu ni chupa ya nyeusi. Tia tone la nyeusi kwenye njano uone: unapata kijani cha matope. Ndizi au limau lenye kivuli cha namna hiyo linaonekana limeanza kuoza. Kivuli cha njano kitoke kwenye zambarau hafifu au kahawia. Cha nyekundu kitoke kwenye kijani kilichokolea au bluu, kidogo kidogo, kwa rangi angavu ileile. Tena giza halikai ukingoni kabisa. Tazama lile tufaha la dirishani: sehemu yenye giza zaidi iko ndani kidogo ya ukingo, na ukingo wenyewe umepata nuru hafifu inayoruka kutoka mezani. Anayekoleza giza hadi mwisho wa mstari analibana tunda likawa sahani. Kile kivuli kinachoanguka mezani nacho kina tabia yake. Pale tunda linapokutana na meza ni cheusi na kikali kama kimekatwa kwa wembe. Kadiri kinavyokwenda mbali kinafifia na kingo zake zinalainika. Kwa brashi ya hewa hili ni jambo la kuinua mkono tu. Anza karibu, malizia mbali.

Ulaini huo ndio nguvu ya kifaa, na ndio hatari yake pia, maana macho yetu hayaamini kitu ambacho kila ukingo wake ni moshi. Umbo la nje la tunda linahitaji ukingo safi, kwa hiyo mchoraji anafunika karatasi kwa plastiki nyembamba ya kunata, anaikata kwa kisu chenye ncha kali kufuata umbo, na kupuliza ndani ya tundu hilo. Hiyo pia inazuia ukungu wa rangi usitue pasipotakiwa. Mahali penye mpaka wa wastani, kama mkunjo wa shimo la kikonyo, kipande cha karatasi kilichoshikwa juu kidogo bila kugusa kinatosha: hewa inapenya chini yake na kulainisha ukingo kiasi tu.

Kila ganda lina kanuni zake. Chungwa limejaa vibonyeo, na katika kibonyeo mwanga unafanya kinyume cha tunda zima: upande ulio karibu na dirisha ndio wenye giza, upande wa mbali ndio unaong'aa. Ukilisahau hilo utachora chungwa lenye chunusi. Ili kupata mtawanyiko wake wa asili, shusha presha hadi hewa ishindwe kuipasua rangi sawasawa. Itatema matone makubwa yasiyolingana, nawe chagua machache uyape giza na nuru yake kwa mkono. Pichi ina malaika, yaani vinyweleo laini, na malaika hao wanashika mwanga hasa ukingoni, mahali tunapowatazama kwa pembeni wakiwa wamepangana wengi. Ndiyo maana ukingo wa pichi unaonekana mwepesi na wenye ukungu, na tunda lote halina mng'ao mkali hata mahali pamoja. Kwa hiyo hapo usiache nukta nyeupe. Stroberi nayo inahitaji subira tu: kila kinachoitwa mbegu ni tunda kamili kwa maana ya kibotania, limelala ndani ya shimo lake, na kila shimo linataka kivuli chake.

Kabla sijafika kwenye zabibu, jambo moja ambalo sipendi liachwe mwisho. Ukungu wa rangi unaingia mapafuni. Hata rangi inayozimuliwa kwa maji ina chembe ambazo mwili hauzihitaji, na zile zenye kadimi, metali yenye sumu, yaani njano na nyekundu zinazovutia kweli kwa matunda, hazifai kupulizwa kabisa. Vaa barakoa yenye kichujio, fungua madirisha, na soma chupa kabla ya kuijaza kikombeni.

Zabibu ndilo tunda ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linageuza udhaifu wa kifaa kuwa ukweli. Kila aliyewahi kupuliza nyeupe juu ya rangi iliyokolea anajua inavyokatisha tamaa: nyeupe inageuka ya bluu. Chembe ndogo za rangi hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, na kwa kuwa nyuma yake kuna giza, bluu hiyo ndiyo inayotufikia. Moshi mwembamba mbele ya ukuta mweusi unafanya hivyohivyo. Anayechora uso wa mtu au gari hutumia muda mwingi kuisahihisha bluu hiyo kwa tone la njano au chungwa.

Lakini zabibu nyeusi na plamu zimefunikwa na vumbi hafifu la kibuluu, na vumbi hilo ni nta inayotokana na ganda lenyewe. Vipande vyake ni vidogo sana, vimetawanyika juu ya ganda jeusi, na vinautawanya mwanga. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba ubuluu wa buluberi, tunda dogo la mviringo, hautoki kwenye rangi iliyo ndani ya ganda, ambayo ni nyekundu iliyokolea, bali kwenye muundo wa nta iliyo juu yake. Liponde moja uone. Halitoi maji ya bluu. Kwa hiyo mchoraji anayepuliza nyeupe hafifu juu ya zabibu iliyokolea haigi rangi ya nta. Anatandaza chembe nyepesi juu ya giza, na mwanga unafanya kazi ileile unayoifanya kwenye shada.

Hatua zake ni hizi. Naanza na nyekundu angavu ya zambarau kwenye punje nzima, kisha nakoleza upande wa mwanga. Ndiyo, upande wa mwanga, kwa kuwa punje ya zabibu inapenywa na nuru: inaingia upande mmoja, inazunguka ndani ya nyama yake, na kuwaka upande wa pili, ule ambao katika tufaha ungekuwa kivulini. Hapo naacha wekundu uwe mwepesi ili karatasi iangaze kutoka chini. Ikikauka, nachukua nyeupe iliyozimuliwa kupita kawaida, narudi nyuma sentimita 15, na kupuliza mara mbili tatu hadi bluu itokee yenyewe.

Kisha nachagua punje moja, iliyo karibu na kikonyo ambapo mtu angelishika shada, na kabla nyeupe haijashika sana naipangusa kwa ncha ya kifutio, mara moja, kwa upana wa kidole gumba. Nta inaondoka, ganda jeusi linaonekana likiwa wazi na kung'aa, na pembeni yake bluu inabaki kama ilivyokuwa.