Homoni zimevurugika? Sawa, lakini ipi?

Litamke neno "tezi" kwenye kijiwe cha kahawa pale Magomeni, uone wazee watakavyoanza kulalamikia mkojo. Kwa wengi hapa Dar es Salaam, tezi ni tezi dume tu. Kumbe hiyo haimo hata kwenye kundi la tezi za homoni: majimaji yake hupita kwenye vijia vyake hadi mrija wa mkojo. Tezi za homoni hazina mrija. Humwaga mzigo wake, yaani homoni, kemikali zinazobeba ujumbe mwilini, moja kwa moja kwenye damu, na wanawake wanazo vilevile.

Dhana inayonikera zaidi ni ya wale wauza dawa za chupa wa Kariakoo, wanaotangaza kwa spika kuwa wanaweka sawa homoni "zilizovurugika". Zipi? Mpelekee fundi gari umwambie "limeharibika", naye atakuuliza: breki au gia? Insulini ya kongosho ina kazi yake na kipimo chake. Thairoksini ya thairoidi, tezi ya shingoni, nayo ina vyake. Tena homoni kupanda na kushuka si kasoro. Daladala ikifunga breki ghafla Ubungo, tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukadunda. Dakika chache baadaye umetulia, unadai chenji.

Rovu, ule uvimbe wa shingo, husemwa ni kurogwa. Sababu kubwa duniani ni upungufu wa madini joto: kila molekuli ya thairoksini hubeba atomi 4 za madini hayo. Yakikosekana, pituitari, tezi ya chini ya ubongo yenye ukubwa wa punje ya njegere, huona thairoksini imepungua, ikaihimiza thairoidi ijitahidi. Ikihimizwa miaka, huvimba. Ndiyo maana chumvi huongezwa madini joto, na ndiyo maana kopo lifunikwe, maana joto na unyevu wetu huyapunguza. Rovu ina sababu nyingine pia, kwa hiyo damu ipimwe kwanza.

Na wapo wanaoamini kuwa mgonjwa wa kisukari akianza kudungwa insulini, ndiyo mwisho wake. Kabla ya insulini, madaktari waliwapunguzia wagonjwa chakula hadi wakabaki mifupa, ili tu wachelewe kufa. Januari 1922, huko Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa sindano hiyo. Aliishi miaka 13 zaidi.