Mtoto wa wiki mbili unamsomea nini?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza mara nyingi anashusha sauti kidogo kama anaogopa kuchekwa: hivi kweli nimsomee kitabu mtoto ambaye hata shingo haijakaza? Ndio, msomee. Lakini ngoja nieleze kwa nini, maana sababu zinazotajwa sana sio zile ninazoziamini mimi.

Kazi yangu ni tiba ya usemi na lugha kwa watoto. Wengi wanaoletwa kwangu wana miaka miwili, mitatu, maneno yamechelewa kuja, na kwa muda mrefu nilikuwa nakutana na wazazi wakiwa wameshafika hatua hiyo, wameshahangaika, wengine wameshalaumiana. Siku hizi najitahidi kukaa nao mapema, mtoto bado ni wa kunyonya na kulala tu, na kitu ninachopenda kuongea nao kuliko vyote ni vitabu. Sio kwamba nataka mtoto awahi kusoma, hapana, hilo liweke pembeni kabisa. Kitabu hakimfundishi kichanga kusoma. Kinampa mzazi kitu cha kusema.

Na hapo ndipo penye shida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nyumba yenye mtoto mchanga inaweza kuwa na ukimya mzito sana. Unashinda naye kutwa, yeye hajibu, hatabasamu bado (tabasamu la kweli la kukuitikia huja karibu na wiki ya 6 hadi ya 8), umeshamwambia pole mwanangu, umeshamwambia nyamaza basi, alafu maneno yameisha. Sio kwamba humpendi. Maongezi yanahitaji watu wawili na mmoja bado hajaanza zamu yake. Niliyaona hayo kwa mwanangu wa kwanza, na mimi nilikuwa nimeshasomea haya mambo yote, vyeti ninavyo, lakini siku ya tano nimekaa naye mapajani nikagundua toka asubuhi sijasema sentensi nzima. Nilichukua kitabu cha hadithi nilichokuwa nakisoma kabla sijajifungua nikaendelea nilipoishia, ila kwa sauti. Alinyamaza akatulia kabisa, macho wazi.

Sasa kwa nini alitulia? Sauti yangu hakuwa mgeni nayo. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba mtoto anaanza kuitikia sauti, na sauti inayomfikia vizuri kuliko zote ni ya mama kwa sababu inapita mwilini mwenyewe, sio hewani tu. Maneno yenyewe hayasikiki vizuri kule ndani, kinachopita ni mapigo na mawimbi yake, kupanda na kushuka. Kuna jaribio la mwaka 1986 ambalo mpaka leo nikilielezea nasisimka. Anthony DeCasper na Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja ileile kwa sauti mara mbili kwa siku, wiki 6 za mwisho za mimba. Walipojifungua, watoto wenye umri wa siku chache wakavalishwa hedifoni na kupewa chuchu ya mpira ya kunyonya, na namna mtoto anavyonyonya ndiyo iliyoamua asikie hadithi ipi, ile ya tumboni au nyingine mpya. Wakawa wanabadilisha unyonyaji wao ili waipate ile wanayoijua, na waliichagua hata ilipokuwa inasomwa na mwanamke mwingine! Yani walichobeba kutoka tumboni sio sauti ya mama peke yake, ni mwendo wa hadithi yenyewe. Miaka 6 kabla ya hapo DeCasper na mwenzake William Fifer walikuwa wameshaonyesha kwa njia kama hiyo kwamba kichanga anaitafuta sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza nimsomee nini, miezi ile ya mwanzo jibu langu ni chochote. Nilikuwa na baba mmoja anajiandaa na mitihani ya uhasibu, anamsomea mtoto wake wa wiki tatu kurasa za kodi na mizania, mkewe akaniuliza kama si kumwonea mtoto. Hapana jamani. Mtoto anapata sauti ya baba yake iliyotulia, karibu na kifua, dakika kumi mfululizo, na baba anapata kusoma. Nilimwomba jambo moja tu, aisome kwa kuiimbisha kidogo, asiisome kama anaikariri. Ile sauti ya juu ya kuvutavuta ambayo watu wazima wengi wanaongea na watoto bila kufundishwa, Anne Fernald alionyesha mwaka 1985 kwamba watoto wa miezi 4 wakipewa nafasi ya kuchagua wanaigeukia hiyo zaidi kuliko sauti ya kuongea na watu wazima. Vitabu vyenye mashairi na vina vinakusukuma uongee hivyo hata kama umechoka, ndo maana navipenda.

Kuhusu macho nitasema kwa ufupi. Kichanga anaona vizuri zaidi kitu kilicho kama sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni kwake, ambayo ni karibu umbali wa uso wako ukiwa unamnyonyesha. Mbali ya hapo ni ukungu. Rangi hafifu hazimshtui, anavutwa na nyeusi kwenye nyeupe, mistari minene, na uso wa mtu. Vile vitabu vya rangi mbili tu vya watoto wachanga vina maana yake basi, ila usivinunue kwa kujinyima, karatasi nyeupe na kalamu nene nyeusi vinatosha, chora duara, chora uso, mwekee hapo karibu uone anavyokaza macho. Akigeuza kichwa pembeni ujue ametosheka, funga kitabu. Hii ya kugeuza kichwa wazazi wengi wanaikosa, wanadhani mtoto amechoshwa na kitabu kibaya kumbe yeye anakuambia tu naomba nipumzike.

Kuanzia miezi mitatu hivi mambo yanabadilika na hapa ndipo napenda nikae kwa muda, maana hapa ndipo kazi yangu yote ilipo. Mtoto anaanza kutoa sauti zake, aaa, guu, na ukisoma sentensi moja alafu ukanyamaza ukamwangalia, mara nyingi atajaza ile nafasi. Subiri kweli, hesabu mpaka tano kimoyomoyo, kwa mtu mzima sekunde tano za kimya ni ndefu ila kwake ndo muda wa kujipanga. Akishatoa sauti mjibu kama ametoa hoja, eeh kumbe, alafu endelea na kurasa. Hayo ni maongezi. Zamu yangu, zamu yako. Watoto ninaowaona kliniki wakiwa na miaka mitatu, wengine shida yao sio maneno machache, ni kwamba ule mchezo wa zamu haujakaa vizuri, na nikianza nao tiba naanzia hapohapo kwenye zamu kabla sijagusa neno hata moja. Simaanishi aliyechelewa kuongea hakusomewa, tafadhali, ucheleweshaji una sababu nyingi zikiwemo za kuzaliwa nazo, na wazazi wanaobeba lawama isiyo yao nimewaona wengi mno.

Akifika miezi sita kitabu kinaenda mdomoni. Hapo wazazi wanakata tamaa, wanasema hapendi vitabu anavila. Anavisoma kwa chombo alichonacho! Mpe vya kurasa ngumu za kadibodi au vya kitambaa, vya karatasi laini shika wewe kwa sababu kipande kikichanika kinaweza kumkaba. Alafu karibu na miezi tisa utaona kitu kizuri sana, anakwangua picha kwa vidole kama anataka kuitoa kwenye ukurasa. Judy DeLoache na wenzake walilichunguza hili mwaka 1998, kwa watoto wa Marekani na wa Ivory Coast, wote walikuwa wanajaribu kuishika picha kama kitu halisi, na walipokaribia miezi 19 walikuwa wameacha, sasa wanainyooshea kidole. Ebu fikiria safari iliyopo hapo katikati. Mtoto amejifunza kwamba kitu kinaweza kusimama badala ya kitu kingine, na neno nalo ni hivohivo, sauti inayosimama badala ya kitu. Kila siku unapomwachia akwangue lile tunda la kwenye picha huku unalitaja jina, unamsaidia kulivuka hilo daraja.

Kuna la lugha pia, wananiuliza nisome kwa lugha ipi. Soma kwa ile ambayo unaweza kubembeleza nayo, kukemea nayo na kuota nayo. Mtoto wa miezi 6 anaweza kutofautisha sauti za lugha hata ambazo hajawahi kuzisikia, Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba ikifika miezi 10 hadi 12 uwezo huo kwa sauti za lugha ngeni umeshapungua sana, sikio limeshachagua la nyumbani. Kama nyumbani kuna lugha mbili basi kila mmoja asome yake, hachanganyikiwi. Na kama wewe mwenyewe kusoma hujui au hujisikii huru kusoma, fungua kitabu cha picha usimulie unachokiona, mtoto hajui kama maneno yametoka kwenye karatasi au kichwani kwako.

Video ya mtu anayesoma hadithi haifanyi kazi hii. Patricia Kuhl mwaka 2003 aliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9, wengine wakawa wanachezewa na kusomewa vitabu vya watoto kwa Kichina na mtu aliyekaa nao, wengine wakaona mambo yaleyale kwenye skrini. Wa kwanza walishika sauti za Kichina, wa skrini walitoka kama walivyoingia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na mimi kwa ninayoyaona nakubaliana nalo.

Nikirudi kwa mzazi mwenyewe, kuna vitabu vya aina nyingine vinavyoingia nyumbani na mtoto, vile vya ushauri wa malezi, na hivi ninavihofia zaidi kuliko kichanga kukosa kitabu cha picha. Vimewahi kusema mambo mabaya kwa sauti ya uhakika kabisa. John B. Watson, mwanasaikolojia aliyeheshimika sana, aliandika mwaka 1928 kwamba wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, asubuhi wawape mkono tu. Kuna wazazi walitii. Na kwa miaka mingi vitabu vingi vilishauri mtoto alale kifudifudi, mpaka mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliposema wasilazwe hivyo, kampeni ya kuwalaza chali ikaanza 1994 na vifo vya ghafla vya usingizini kule vikashuka kwa karibu nusu. Kwa hiyo kitabu cha malezi ulichorithi kwa dada au shangazi, kabla hujafungua sura ya usingizi angalia kimechapwa mwaka gani. Na kama kila ukikisoma unakifunga ukiwa unajiona mzazi mbovu, kiweke mbali hata kama ushauri wake ni sahihi, usiku wa saa tisa sio wakati wa kuhukumiwa na karatasi.

Usiku huo huo ndo nawashauri wasome cha kwao. Kichanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, kichwa kimechoka, riwaya nzito yenye wahusika thelathini haitashikika, tafuta hadithi fupi, mashairi, kitu ulichokisoma zamani ukakipenda ambacho hata ukiacha katikati hakipotei. Kuna akina mama waliniambia kurasa mbili za kitabu chao wenyewe zilikuwa kitu pekee kwa siku nzima ambacho hakikuwa cha mtoto. Ukiona lakini hata kile ulichokuwa unakipenda hakina ladha tena, wiki mbili zimepita na bado ni giza na machozi, huo sio uchovu wa kawaida, mwambie mhudumu wa afya mapema, inatibika. Na tafadhali usisome hadi kusinzia ukiwa na mtoto kwenye sofa, ni sehemu ya hatari mno kulala naye, kope zikianza kuwa nzito mrudishe kitandani kwake chali, na kile kitabu chake cha kitambaa usikiache humo.

Jambo moja la kitaalamu la mwisho, kwa kuwa kusoma kwa sauti kunalifichua mapema kuliko vitu vingi. Kama unamsomea siku baada ya siku na hatulii, hashtuki mlango ukigongwa, miezi minne imefika hajawahi kuigeukia sauti yako, nenda kapime masikio yake. Kipimo cha kusikia kinatakiwa kifanyike kabla ya mwezi mmoja, na mwenye tatizo aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita, kwa hiyo usikubali kuambiwa subiri atakua. Na wakati unasubiri majibu endelea kumsomea, mkae uso kwa uso, anaona midomo yako, na mkono wake ukiuweka kooni kwako utausikia mtetemo wa hadithi.