Kadi Imepotea, Daftari Lipo

Bibi mmoja wa Busokelo, wilayani Rungwe, alinisubiri mpaka mkutano wetu wa elimu ya mpiga kura ukaisha, kisha akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kadi ya kura ya mwaka 2015. Picha ilikuwa imefifia kwa moshi wa jikoni na kwa unyevu wa Rungwe, ambako mvua haijui likizo. "Mwanangu," akaniuliza, "hii si watanikatalia?"

Swali hilo ndilo linalobishaniwa kila uchaguzi ukikaribia: je, mtu asiye na kitambulisho azuiwe kupiga kura? Wanaotaka masharti makali wanasema bila kitambulisho mtu anaweza kupiga kura kwa jina la mwingine, hata la marehemu. Wanaopinga wanasema sharti hilo huwaumiza maskini, wazee na watu wa vijijini, ambao kadi kwao huliwa na mchwa au huungua pamoja na nyumba ya nyasi. Mimi nazikubali hoja zote mbili, ila naona watu wengi wanachanganya kadi na haki yenyewe.

Tuanze na Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 5 inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia raia kwa sababu chache tu, na mojawapo ni kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji wake kama mpiga kura. Kwa hiyo sharti la kujitambulisha halikuzuka tu kituoni kwa matakwa ya karani, lina mizizi kwenye Katiba. Lakini Katiba haisemi kwamba aliyepoteza kadi amepoteza haki.

Kinachobeba haki yako siku ya kura ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kadi inajibu swali moja tu: wewe ndiye yule aliyeandikwa? Uandikishaji kwa mashine za alama za vidole na picha ulizinduliwa hapahapa nyanda za juu kusini, Makambako mkoani Njombe, Februari 2015. Teknolojia hiyo ilisaidia kuwabaini waliojiandikisha mara mbili. Hata hivyo, kwa mchuma chai wa Mufindi au mkulima wa viazi wa Makete, vidole vyenyewe vimesuguliwa na kazi hata mistari haionekani vizuri. Mtu huyo asionekane mdanganyifu kwa sababu mashine imesita.

Kwa aliyepoteza kadi au ambaye kadi yake imechakaa, Tume ya Uchaguzi imekuwa ikiruhusu vitambulisho mbadala vitatu: kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva na pasipoti. Sharti ni kwamba uwe umeandikishwa katika kituo unachoenda kupigia kura, na majina ya kwenye kitambulisho yafanane kwa herufi na yale ya daftarini.

Hapo kwenye herufi ndipo ninapopata hofu. Majina yetu ya huku yanaandikwa kwa masikio ya karani. Ambakisye anakuwa Ambakise, Anyelwisye anakuwa Anyelwise, na mtu hagundui mpaka siku atakapohitaji kadi zote mbili zikubaliane. Kijana wa bodaboda pale Uyole mwenye leseni yenye jina moja na kadi ya kura yenye jina jingine ana kazi ya kufanya, na ya kuifanya mapema. Daftari likibandikwa, nenda ukajisome. Wakati wa uboreshaji wa daftari taarifa hurekebishwa, na aliyepoteza kadi hupewa nyingine. Na wewe mwenye namba ya NIDA tu, bila kadi yenyewe, usiitegemee siku hiyo.

Wenzetu Uingereza walianza kudai kitambulisho chenye picha katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa England, Mei 2023. Watu wapatao 14,000 walikataliwa vituoni kwa kukosa kitambulisho na hawakurejea tena kupiga kura. Kadi ya basi ya mzee ilikubaliwa, ya mwanafunzi ikakataliwa. Kwa hiyo ninapoulizwa msimamo wangu, nasema: kitambulisho kidaiwe, lakini anayekidai ahakikishe kwanza kwamba kinapatikana bila kumgharimu mtu nauli ya siku tatu. Uzito huo ni mkubwa zaidi Kasumulu na Tunduma, ambako ukoo mmoja umekaa pande mbili za mpaka na raia wa kweli huulizwa maswali mengi kabla ya kuaminiwa.

Bibi nilimgeuzia kadi kwenye mwanga wa mlango. Picha ilikuwa kivuli tu, ila jina lilisomeka lote, na namba pia. Nikamuuliza kama ana kitambulisho cha Taifa. Akacheka, akafungua fundo la pili. Tukaziweka kadi mbili sambamba juu ya benchi, tukasoma pamoja herufi kwa herufi, yeye akifuata kwa kidole.