Kwa nini picha ya 3D huwa na giza, na leza inabadili nini

Mtu akitoka sinema analalamika kuwa 3D imemuumiza kichwa, kwa kawaida huilaumu miwani. Mimi huanza na mwanga: ni kiasi gani kilifika kwenye jicho lake?

Chukua RealD, mfumo ulioenea sana. Projekta ni moja, na huonyesha picha ya kila jicho kwa zamu, haraka sana. Mbele ya lenzi yake hukaa kichujio kinachouzungusha mwanga: picha ya jicho la kushoto huzungushiwa upande mmoja, ya kulia upande wa pili, na kila kioo cha miwani hupitisha mzunguko wake tu. Sasa piga hesabu. Una mwanga 100. Kichujio kinakula nusu, inabaki 50. Kila jicho linaona picha yake nusu ya muda tu, inabaki 25. Toa unaomezwa na miwani na giza fupi kati ya picha na picha, unashika kama 15. (Toleo la XL hugawa mwanga njia mbili na kuokoa sehemu ya ile nusu ya kwanza, na tofauti yake inaonekana wazi.)

Kiwango cha mwangaza wa skrini katika sinema ya kawaida ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Kumbi nyingi za 3D hulenga 15 hivi, na rangi za filamu huandaliwa upya kwa kiwango hicho. Ila taa ya projekta, ile ya gesi ya zenoni, ikikaribia mwisho wake huwa imepoteza karibu nusu ya nguvu, na mwenye ukumbi akichelewa kuibadilisha, matukio yote ya usiku yanageuka weusi mtupu. Fundi apime akiwa ameweka miwani ya mtazamaji mbele ya kipima mwanga. Akipima bila miwani, anapata namba ambayo hakuna jicho linaloiona.

Skrini nayo ina lake. Nyeupe ya kawaida huvuruga ule mzunguko, jicho moja likaona picha ya mwenzake kama kivuli. Ndiyo maana hutumika skrini ya fedha, yaani iliyopakwa chembe za alumini. Hiyo hurudisha mwanga kwa nguvu zaidi katikati, kwa hiyo walioketi pembeni wanapata giza hata filamu ikiwa ya kawaida. Dolby 3D, inayotenganisha picha za macho mawili kwa rangi zinazotofautiana kidogo, na XpanD, yenye miwani ya betri inayofunga jicho moja baada ya jingine, hazihitaji skrini hiyo. Miwani yao lakini ni ghali, na lazima irudishwe na kuoshwa.

Kosa linalotia uchungu ni picha za macho kubadilishwa, ya kushoto ikaenda kulia: vitu vya mbali vinakuja mbele, vya mbele vinazama. Hutokea ishara inayooanisha projekta na kichujio ikigeuzwa. Kabla ya onyesho, weka picha ya majaribio yenye L na R, kisha fumba jicho moja moja. La kushoto lione L peke yake.

Kuna pia ukubwa wa skrini. Macho ya mtu mzima yameachana kwa wastani milimita 63, na kwa kitu cha mbali sana, pengo kati ya picha ya kushoto na ya kulia kwenye skrini lisizidi hapo. Kwenye skrini ya mita 10 yenye pikseli 2048 kwa upana, pikseli 13 ni takriban umbali huo. Picha ileile ikipelekwa kwenye skrini ya mita 20, pengo linafika milimita 127, na macho yanalazimika kutazama nje, kila moja upande wake. Hapo kichwa kuuma ni haki yake.

Haya si mageni. Mwaka 1952, Bwana Devil, filamu ya Marekani kuhusu simba wala watu wa Tsavo, ndiyo iliyowasha homa ya 3D ya miaka ile. Ilihitaji projekta mbili zikienda sambamba, moja kwa kila jicho. Mkanda mmoja ukikatika, fundi alipaswa kufidia kila fremu iliyopotea, la sivyo macho yaligombana.

Projekta mbili zimerudi, safari hii za leza. Moja hutoa nyekundu, kijani na bluu. Ya pili hutoa rangi hizohizo zenye urefu wa wimbi tofauti kidogo, na miwani huzitenganisha. Macho yote mawili yanapata picha kwa wakati mmoja, hakuna nusu inayotupwa, na skrini nyeupe inatosha. Hapa ndipo ninapoweka tumaini langu, ingawa bei yake itaiweka 3D nzuri katika kumbi chache kubwa.

Sinema bila miwani bado iko mbali. Jaribio la mwaka 2016 la MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na Taasisi ya Weizmann ya Israeli lilitumia vioo na lenzi seti 50, kwa skrini yenye ukubwa wa daftari tu. Kwa sasa, ukikata tiketi, keti katikati ya safu, nyuma kidogo ya nusu ya ukumbi.